Nimekariri kanuni zote za mwendo, lakini maswali yananishinda

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwanafunzi wa kike wa Kidato cha Tatu katika shule moja ya kutwa mkoani Morogoro. Ninakuandikia kwa sababu somo la fizikia limeanza kunikatisha tamaa, hasa mada ya mwendo na kani, ambayo wenzangu wanasema ndiyo nyepesi kuliko zote. Kanuni tatu za Newton nimezikariri, milinganyo ya mwendo ninaweza kuiandika hata nikiamshwa usiku wa manane, na mwalimu akiuliza maana ya mchapuko, yaani kiasi ambacho kasi hubadilika katika kila sekunde, mimi huwa wa kwanza kunyoosha mkono. Lakini swali likija na basi, jiwe au mkokoteni, ninabaki nikiitazama karatasi bila kujua nianzie wapi, na mwishowe ninachukua mlinganyo wowote wenye herufi zinazofanana na zile zilizotajwa katika swali.

Katika jaribio la mwisho tulipewa maswali manne, nami nikayakosa yote. Ninayaandika hapa pamoja na majibu yangu ili uone ninavyofikiri.

Swali la kwanza lilisema kwamba basi lenye tungamo la kilo 6,000 linakwenda kwa kasi ya kilomita 72 kwa saa, dereva anafunga breki, nalo linasimama baada ya kwenda mita 40. Tulitakiwa kutafuta mchapuko wake na kani iliyolisimamisha, kisha kueleza kwa nini abiria aliyesimama huyumba mbele. Nilipata mchapuko wa 64.8 na kani ya nyutoni 388,800 (nyutoni ni kizio cha kani), na nikaeleza kwamba abiria husukumwa mbele na kani ya breki.

Swali la pili lilihusu jiwe la kilo 0.2 lililorushwa wima kwenda juu kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde. Tuliulizwa ni kani zipi zinazofanya kazi juu ya jiwe hilo linapopanda, linapofika kileleni na linapoanguka. Niliandika kwamba linapopanda lina kani ya mkono, kileleni halina kani yoyote kwa sababu limesimama, na linapoanguka lina kani ya mvutano wa dunia.

Swali la tatu lilihusu mtu anayesukuma mkokoteni kwa kani ya nyutoni 100. Tuliulizwa mkokoteni nao unamsukuma mtu huyo kwa kani ya kiasi gani. Nilijua kwamba jibu ni nyutoni 100, lakini niliogopa kuliandika, kwa sababu nilijiuliza: ikiwa kani hizo ni sawa na zinaelekeana kinyume, si zinafutana? Na zikifutana, mkokoteni unaendaje?

Swali la nne lilihusu mtu mwenye tungamo la kilo 60 anayesimama juu ya mizani ndani ya lifti inayopanda kwa mchapuko wa mita 2 kwa sekunde kila sekunde. Niliandika kwamba mizani itasoma nyutoni 600, kwa kuwa uzito wa mtu haubadiliki. Mimi sijawahi kupanda lifti, kwa hiyo hata picha yake siipati vizuri.

Baba mdogo, ambaye ndiye anayenigharimia masomo, ananishauri niache fizikia na kuhamia masomo ya sanaa kabla ya usajili wa mtihani wa Kidato cha Nne, kwa sababu anaona ninajitesa bure. Ninamheshimu na ninajua kwamba ananitakia mema, lakini moyo wangu bado haujakubali. Naomba unieleze, Mwalimu: je, kuna njia ya kuyashughulikia maswali haya, au ni kweli kwamba wengine hatukuumbiwa sayansi?

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeyasoma majibu yako manne kwa makini, na umefanya vyema kuyanakili jinsi yalivyo, kwa kuwa anayesema tu kwamba fizikia ni ngumu ni vigumu kumsaidia, ilhali anayeonyesha mahali alipokwama anaweza kuonyeshwa pa kupitia. Makosa yako ni mawili tu. La kwanza ni dogo na limo katika hesabu ya basi. La pili ni kubwa zaidi, limejirudia kwa sura tofauti katika maswali yote manne, na ndilo nitakalolieleza kwa kirefu. Habari za kuumbiwa au kutoumbiwa sayansi tuziweke kando kwanza, kwa sababu sioni katika karatasi yako jambo lolote linalozihitaji.

Tuanze na lile dogo. Ulichukua 72 ukaizidisha kwa 72, ukagawanya kwa mara mbili ya mita 40, ukapata 64.8. Mlinganyo uliochagua ulikuwa sahihi kabisa, lakini kasi uliyoitumia ilikuwa ya kilomita kwa saa, huku umbali ukiwa wa mita. Kilomita 72 ni mita 72,000 na saa moja ina sekunde 3,600, hivyo basi hilo lilikuwa linakwenda mita 20 kwa sekunde. Mraba wa 20 ni 400, ukiugawanya kwa 80 unapata mchapuko wa mita 5 kwa sekunde kila sekunde, ukielekea kinyume cha mwendo wa basi, na kani inayotakiwa ni tungamo la kilo 6,000 mara 5, yaani nyutoni 30,000.

Kosa la vizio humpata kila mtu, na dawa yake si kuwa mwangalifu tu, bali ni kuihoji namba kabla ya kuiacha kwenye karatasi. Kitu kilichoachiwa huru kianguke huongeza kasi kwa karibu mita 10 kwa sekunde katika kila sekunde. Jibu lako la 64.8 lilimaanisha kwamba breki za basi zinabadilisha mwendo kwa ukali unaozidi mara sita ule wa kitu kinachoanguka kutoka darini, wakati tairi za basi juu ya lami kavu kwa kawaida hazifikii hata mita 10 kwa sekunde kila sekunde. Ungejiuliza swali hilo moja, ungerudi mwenyewe kutafuta mahali ulipopotea bila kumsubiri mwalimu asahihishe.

Kabla hatujaliacha basi, tazama jambo ambalo hesabu hiyo inalifichua. Kwa breki zilezile za mita 5 kwa sekunde kila sekunde, basi linalokwenda kilomita 36 kwa saa, yaani nusu ya kasi ya mwanzo, husimama ndani ya mita 10, ambazo ni robo ya zile 40. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa katika maeneo ya makazi hapa Tanzania, linahitaji kama mita 19, na kwa kilomita 80 linahitaji zaidi ya mita 49. Hapo hatujahesabu umbali ambao basi linaupita kabla mguu wa dereva haujaifikia breki. Dereva anayedhani kwamba kutoka 50 hadi 80 ameongeza kidogo tu hajui kwamba umbali wa kusimama hufuata mraba wa kasi. Kwa maoni yangu, hesabu hii moja inastahili kufundishwa hata kwa watu ambao hawatafanya mtihani wowote wa fizikia.

Sasa tuje kwenye kosa kubwa. Uliandika kwamba abiria husukumwa mbele na kani ya breki, na kwamba jiwe linapopanda lina kani ya mkono. Katika sentensi zote mbili umetaja kani bila kuhakikisha kwamba anayeitoa yupo mahali pa kuitoa. Kani si kitu ambacho gimba hukibeba ndani yake. Ni tendo la kitu kimoja juu ya kitu kingine, na katika maswali ya kiwango chako kitu huweza kupewa kani kwa njia mbili tu: ama kinaguswa na kitu kingine, ama kinavutwa na dunia. Sumaku na chaji za umeme, zinazosukuma na kuvuta bila kugusa, zina mada zao na usizichanganye hapa.

Kwa hiyo kila unapolifungua swali, kabla ya kuandika mlinganyo wowote, amua kwanza ni kitu gani kimoja unachokizungumzia. Kichore peke yake, hata kama ni kisanduku kidogo tu, ukiwa umekiondoa katika mazingira yake. Halafu kizunguke kwa macho ya akili ukiuliza: ni nini kinachokigusa? Kila kinachokigusa kipewe mshale wake, kisha ongeza mshale mmoja wa dunia unaoelekea chini, na hapo usimame, usiongeze mwingine. Kando ya kila mshale uandike jina la anayetoa na jina la anayepokea, kwa mfano, lami inalisukuma basi nyuma, au kamba inaivuta ndoo juu. Ukishindwa kulijaza jina la mtoaji, kani hiyo ni deni lisilo na mdai. Ifute.

Mchukue abiria wako aliyesimama ndani ya basi na umchore peke yake. Anaguswa na sakafu chini ya miguu yake, anaguswa na hewa, na labda ameshika bomba. Dunia inamvuta chini na sakafu inamsukuma juu kwa kiasi kilekile. Basi linapopunguza mwendo, sakafu inaivuta miguu yake kuelekea nyuma kwa msuguano. Zunguka tena utafute anayemsukuma mbele, nawe hutampata. Kiwiliwili chake kinaendelea na kasi ya mita 20 kwa sekunde kwa sababu bado hakijapata wa kukizuia, huku miguu ikiwa imekwisha kuzuiwa na sakafu, ndiyo maana anainama kuelekea mbele. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya Newton uliyoikariri: kitu huendelea na mwendo wake ulivyo mpaka kani itakapoubadilisha. Ikiwa tungamo lake ni kilo 60 na anataka kupungua mwendo pamoja na basi, anahitaji kuvutwa nyuma kwa nyutoni 300, ambazo ni nusu ya uzito wake mzima, na sehemu kubwa ya kani hiyo huipata kupitia bomba alilolishika. Viganja vinavyouma baada ya breki kali vinatoa ushahidi kwamba kani iliyokuwapo ilikuwa ya kumvuta nyuma.

Chora pia basi lenyewe kwa njia hiyohiyo, na utaona jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Breki ni sehemu ya basi, zinalikamata gurudumu la basi hilohilo, na kitu hakiwezi kujisimamisha kwa kujishika chenyewe. Kitu cha nje kinacholigusa basi na kuweza kulivuta nyuma ni lami chini ya tairi, ukiacha mchango mdogo wa hewa. Zile nyutoni 30,000 zinatolewa na barabara. Ndiyo sababu dereva mwenye breki nzima kabisa anaweza kuteleza katika tope la masika: breki zimefanya kazi yake, lakini barabara imekataa kutoa.

Tuje kwenye jiwe. Mkono wako ulilisukuma jiwe kwa muda wote ulipokuwa unaligusa. Lilipoachana na vidole, mkono ulikoma kuwa mtoaji, na kuanzia hapo hadi litue chini jiwe linavutwa na dunia peke yake, kwa kani ya 0.2 mara 10, yaani nyutoni 2 kuelekea chini, ukiacha hewa ambayo kwa jiwe la kasi hiyo ina athari ndogo. Linapopanda ni nyutoni 2, kileleni ni nyutoni 2, linaposhuka ni nyutoni 2. Ulichokitaja kuwa kani ya mkono ni kasi ambayo mkono uliiacha, na kasi si kani. Fuatilia kasi hiyo sekunde kwa sekunde: mwanzoni ni 15 kwenda juu, baada ya sekunde moja imebaki 5, baada ya sekunde moja na nusu ni sifuri, na baada ya sekunde mbili ni 5 kuelekea chini. Katika kila sekunde mabadiliko ni yaleyale, 10 kuelekea chini, na kileleni hakuna mapumziko yoyote katika mabadiliko hayo. Kama kweli jiwe lingefika kileleni likiwa limesimama na bila kani yoyote, kanuni ya kwanza ingelilazimisha libaki likining'inia huko juu siku zote, kwenye urefu wa mita 11.25.

Usione aibu kwa kosa hili, kwa maana lina ukoo mrefu. Aristotle wa Ugiriki ya kale alifundisha kwamba kitu kinachosukumwa hakiendelei kwenda bila cha kukisukuma, akawa na kazi ya kueleza ni nini kinacholisukuma jiwe baada ya kuuacha mkono. Katika karne ya 6, mwanazuoni Yohane Philoponus wa Aleksandria alimpinga na kusema kwamba mrushaji hukiachia kitu nguvu fulani ya ndani, wazo ambalo linakaribiana sana na jibu lako, na baadaye Ibn Sina akaliendeleza kwa namna yake. Ilihitaji majaribio ya Galileo na kisha kazi ya Newton, aliyezichapisha kanuni zake tatu mwaka 1687, kuliondoa wazo hilo katika fizikia. Hisia zako zinakupeleka Aleksandria kwa sababu maisha ya kila siku yamejaa msuguano, na kila kitu tunachoacha kukisukuma husimama baada ya muda mfupi.

Ukitaka kuzizoeza hisia hizo njia nyingine, fikiria treni ya umeme ya reli ya kisasa inayofika hadi Dodoma, ambayo huenda kwa kasi ya hadi kilomita 160 kwa saa. Inapokwenda kwa kasi hiyo bila kubadilika, katika njia iliyonyooka na tambarare, jumla ya kani zote zinazofanya kazi juu yake ni sifuri. Injini haifanyi kazi ya kuiongezea mwendo. Inafidia tu kile ambacho hewa na msuguano vinakipunguza. Chai katika kikombe hukaa sawa kana kwamba kipo mezani nyumbani, na huanza kuegemea upande mmoja pale tu treni inapoongeza mwendo, inapoupunguza au inapokata kona.

Swali la mkokoteni ndilo lililonifurahisha kuliko yote, kwa sababu ulikuwa na jibu sahihi pamoja na shaka halali, na shaka yako ilikuwa na thamani kuliko jibu. Kanuni ya tatu ya Newton inasema kwamba kitu kikisukuma kingine, nacho husukumwa na hicho kingine kwa kiasi kilekile kuelekea kinyume. Lakini kani mbili hufutana pale tu zinapofanya kazi juu ya kitu kimoja. Nyutoni 100 za kwanza zinatolewa na mtu na kupokewa na mkokoteni. Nyutoni 100 za pili zinatolewa na mkokoteni na kupokewa na mtu. Ukichora kitu kimoja kimoja kama nilivyokuagiza, mishale hiyo miwili haitakutana kamwe katika mchoro mmoja, kwa hiyo huna nafasi ya kuifuta.

Tuifanye hesabu yake kikamilifu, kwa namba nitakazozichagua mwenyewe. Mkokoteni pamoja na mzigo una tungamo la kilo 80, na msuguano wa ekseli pamoja na magurudumu unaupinga kwa nyutoni 60. Mtu anausukuma kwa 100, hivyo zinabaki nyutoni 40 kuelekea mbele, na mchapuko wake ni 40 gawanya kwa 80, sawa na mita 0.5 kwa sekunde kila sekunde. Sasa mchore mtu, mwenye tungamo la kilo 50. Ili aendelee kuwa nyuma ya mkokoteni bila kuachwa, naye lazima achapuke kwa 0.5, na kwa hilo anahitaji jumla ya nyutoni 25 kuelekea mbele. Lakini mkokoteni unamsukuma nyuma kwa 100. Ni nani basi anayempa mbele? Kinachomgusa, ukiacha mkokoteni na hewa, ni ardhi chini ya miguu yake. Yeye anaikanyaga ardhi kwa kuisukuma nyuma, nayo inamsukuma mbele kwa nyutoni 125. Ondoa 100 za mkokoteni, zinabaki 25. Unaweza kuihakiki hesabu kwa kuwachukua mtu na mkokoteni kama kitu kimoja chenye kilo 130: ardhi inatoa 125 mbele, msuguano wa mkokoteni unapinga kwa 60, zinabaki 65, na 65 gawanya kwa 130 ni 0.5 ileile. Mwanafunzi anayeweza kulijibu swali moja kwa njia mbili na kupata namba moja hahitaji kusubiri karatasi irudi ndipo ajue kama amepata. Tena hapo unaelewa kwa nini msukuma mkokoteni katika utelezi hukosa kuuondoa mzigo hata akiwa na misuli ya chuma: ardhi yenye utelezi haiwezi kumpa zile 125.

Kuhusu lifti, kutowahi kuipanda hakukuzuii chochote, kwa sababu swali hilohilo linapatikana kisimani. Chukua ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, ambayo tungamo lake ni kama kilo 20 na uzito wake nyutoni 200. Kinachoigusa ni kamba, na dunia inaivuta chini. Ukiipandisha kwa mwendo usiobadilika, kamba inavuta kwa nyutoni 200, kiasi kilekile kana kwamba ndoo imetulia. Ukiianzisha kwa mchapuko wa 2, kamba lazima izishinde zile 200 na ibakize nyutoni 40 za kuichapusha ndoo, yaani inavuta kwa 240. Kamba chakavu inayoweza kuhimili nyutoni 220 itaipandisha ndoo salama mikononi mwa mtu anayevuta polepole na kwa utulivu, na itakatika mikononi mwa mwenye haraka. Uzito wa maji haukubadilika hata chembe, kama ulivyosema katika jibu lako. Kilichobadilika ni kani ya kamba.

Katika lifti, mizani imechukua nafasi ya kamba. Mizani haina njia ya kuujua uzito wako. Inachokisoma ni kani ambayo yenyewe inakusukuma nayo juu. Mtu wa kilo 60 anavutwa na dunia kwa 600, anahitaji 120 zaidi ili achapuke kwa 2, basi mizani inasoma nyutoni 720. Lifti ikishika mwendo usiobadilika, inasoma 600. Ikikaribia ghorofa ya mwisho na kupunguza mwendo kwa 2, mchapuko unaelekea chini ingawa lifti bado inapanda, na mizani inasoma 480. Watahini hupenda sana kutega hapo: wanakuuliza juu ya lifti inayoshuka huku ikipunguza mwendo, na mwanafunzi anayefuata neno «inashuka» anatoa mahali pa kujumlisha. Mchapuko wa lifti hiyo unaelekea juu, na mizani inasoma 720. Kila mara tafuta mchapuko unaelekea wapi; uelekeo wa mwendo wenyewe hauingii katika hesabu ya kani.

Juu ya kuchagua milinganyo ya mwendo sina mengi ya kusema, kwa kuwa hapo huna tatizo kubwa. Orodhesha vitu ulivyopewa na kimoja unachoulizwa, kisha chukua mlinganyo usio na kile ambacho hukupewa wala hukuulizwa. Katika swali la basi hapakuwa na muda, kwa hiyo ulitumia ule usio na muda, na ulifanya sawa. Kumbuka tu kwamba milinganyo hiyo inakubalika pale ambapo mchapuko haubadiliki. Safari inayoanza kwa kuongeza kasi, ikaendelea kwa kasi moja, kisha ikamalizika kwa breki lazima uikate vipande vitatu na kushughulikia kila kipande peke yake.

Jambo jingine ambalo huenda mwalimu wako hana muda wa kulisema darasani: mtihani utaufanya kwa Kiingereza, lakini hakuna anayekukataza kulifikiria swali kwa Kiswahili. Lisome, lifunge daftari, ulisimulie kwa maneno yako mwenyewe nani anamgusa nani na nani anamsukuma nani, na ukiridhika na simulizi hiyo ndipo uandike jibu kwa lugha inayotakiwa. Wanafunzi wengi huanza kupotea wanapojaribu kufasiri na kukokotoa kwa wakati mmoja. Na usihesabu maswali kwa wingi. Maswali matatu uliyoyachora, ukayakokotoa na kuyahakiki kwa njia ya pili yatakufaa kuliko thelathini uliyoyanakili pamoja na majibu yake.

Ama kuhusu baba mdogo, mwombe kwa adabu akupe muhula huu uitumie njia niliyokueleza, na umwonyeshe maswali utakayoyafanya, hata kama mwenyewe hakusoma fizikia. Kumweleza kwa nini abiria hasukumwi mbele ni mazoezi mazuri kwako, na kutampa sababu ya kukuamini kuliko maombi yoyote. Masomo ya sanaa ni masomo ya heshima, na anayeyapenda ayafuate. Mimi ninachokataa ni wewe kuyakimbilia kwa ajili ya maswali manne ambayo, kama ulivyoona, yalikosewa kwa sababu moja inayorekebishika.

Ninakuachia swali moja la kufanyia mazoezi. Kreti la soda lenye tungamo la kilo 20 limewekwa nyuma ya pikapu, bila kufungwa kamba, kwenye sakafu ambayo msuguano wake hauwezi kuzidi nyutoni 50. Pikapu inaondoka kwa mchapuko wa mita 1.5 kwa sekunde kila sekunde. Ni kani gani inayolipeleka kreti mbele, inatolewa na nani, na ni ya kiasi gani? Kisha dereva anakanyaga mafuta zaidi, na mchapuko wa pikapu unafika 3. Je, kreti litakwenda pamoja na gari? Lichore kreti peke yake kabla ya kuendelea kusoma. Katika sehemu ya kwanza utapata msuguano wa sakafu, nyutoni 30, ukielekea mbele, jambo litakalowashangaza waliozoea kuuchora msuguano ukielekea nyuma kila wakati. Katika sehemu ya pili zinahitajika nyutoni 60 na sakafu ina 50 tu za kutoa, kwa hiyo kreti litateleza kuelekea mlango wa nyuma wa pikapu; lakini kwa mtu aliyesimama kando ya barabara, kreti hilo bado litaonekana likichapuka kwenda mbele, kwa mita 2.5 kwa sekunde kila sekunde.